Makopo ya grisi ya otomatiki kwa mashine za Pwani: yapi yanafaa na yapi sinunui

Nianze na uamuzi, sababu zifuate. Kwa beringi iliyo juani, iliyo kwenye joto, au iliyo mahali ambapo kopo haliwezi kukaa juu yake moja kwa moja, nunua kopo la betri. Kwa beringi iliyo kivulini na yenye nafasi ya kufungia kopo papo hapo, la gesi linatosha na bei yake ni nafuu zaidi. La springi, kwa mazingira yetu, sinunui. Na kabla hujauliza bei ya lolote kati ya hayo, jua kwanza ni grisi gani unataka iwe ndani.

Mimi ni fundi mitambo, dada wa zamu ya matengenezo, katika yadi ya shehena kichele, yaani mzigo usiofungwa magunia, upande wa Changamwe. Meli ikishusha klinka (vinundu vinavyosagwa kuwa saruji), makaa ya mawe au mbolea Kilindini, sehemu ya mzigo huo hupita kwenye konveya zetu, yaani mikanda ya kubebea mzigo. Tuna puli za kichwa na za mkia (magurudumu ya ncha mbili za mkanda), elevata za ndoo zinazopandisha mzigo juu, feni za kunyonya vumbi na mota za kila ukubwa. Kazi yangu kubwa ni kuhakikisha beringi zake hazifi kabla ya siku zake, na kwa Mombasa hiyo si kazi ndogo.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, kopo la grisi la otomatiki ni chupa ya plastiki au chuma, mara nyingi ya ukubwa wa mililita 60 hadi 250, inayofungwa kwenye tundu la nipeli, pale grisi inapoingizwa. Ukishaliwasha, linasukuma grisi kidogo kidogo usiku na mchana, kwa wiki au miezi, bila mtu kushika pampu. Si jambo jipya: kampuni ya perma ya Euerdorf, Ujerumani, ilitoa la kwanza la aina hiyo mwaka 1964. Jipya ni kwamba sasa hata maduka ya beringi ya Shimanzi yanayo rafuni, na wauzaji wanayasifu yote kwa sifa zilezile, ilhali yanafanya kazi kwa njia tofauti kabisa.

Hebu tutazame adui kwanza. Hapa kwetu adui ni watatu na wanasaidiana. Chumvi ya bahari imo hewani mwaka mzima. Vumbi la klinka ni kali, linakwaruza chuma, na likipata unyevu linaganda kama saruji, kwa sababu ndiyo asili ya saruji yenyewe. Mbolea nayo inavuta maji kutoka hewani, halafu yale maji yanakula chuma. Juu ya hayo kuna joto la kaskazi. Machi ndio mwezi mbaya kuliko yote. Joto la kivulini linafika nyuzi 32 au 33, na chini ya bati la kibanda cha puli ya kichwa huwezi kuegemea ukuta. Kisha masika yanaingia, mvua ya Aprili na Mei inapiga kwa ubavu, na kila hausingi (ganda linaloshika beringi) isiyo na grisi mdomoni mwa sili (kizibo kinachozunguka shafti) inakunywa maji.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi vijana hawajaelezwa. Mashine ikifanya kazi, hausingi inapata joto na hewa ya ndani inatanuka, nyingine inatoka. Mashine ikizimwa usiku, hausingi inapoa na kuvuta hewa ya nje kurudi ndani. Hewa hiyo ya Mombasa imejaa unyevu na chumvi. Kwa hiyo beringi ya konveya inayosimama mara kwa mara kusubiri meli inaweza kuharibika zaidi kuliko ile inayozunguka bila kupumzika. Kinachoizuia hewa hiyo ni ukosi wa grisi safi kwenye mdomo wa sili, na ukosi huo lazima uongezwe kidogo kidogo kila siku. Pampu ya mkono haiwezi kufanya hivyo. Ukipiga grisi mara moja kwa mwezi, siku ya kwanza beringi imezidiwa na inachemka, na wiki ya mwisho sili imebaki kavu na vumbi linaingia.

Tulifungua hausingi ya puli ya mkia baada ya msimu mrefu wa klinka, kabla hatujaanza kutumia makopo. Upande wa ndani, ule unaotazama mkanda, grisi ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu na ukiisugua kati ya vidole unasikia mchanga. Ringi ya nje ilikuwa na njia mbili zilizong'aa ambapo roli zimekwaruza, na pembeni mwa njia hizo doa la kutu lenye umbo la roli zenyewe, kila roli na alama yake, pale zilipokuwa zimesimama kwenye maji. Upande wa nje wa hausingi hiyohiyo, grisi ilikuwa bado ya kahawia, safi. Beringi moja, hali mbili. Mzee wa karakana yetu, ambaye amefanya kazi hii tangu mimi sijazaliwa, aliitazama akasema, "Mwanangu, hii haikufa kwa kazi. Imekufa kwa kulala."

Na kuna sababu nyingine, ambayo kwangu inazidi zote. Nipeli nyingi za konveya ziko nyuma ya kinga, karibu na puli inayozunguka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizungushiwe kinga, na ni haki. Lakini kila mtu aliyefanya kazi viwandani anajua yanayotokea: zamu inaisha, mashine haisimamishwi, kijana anaondoa kinga au anapenyeza mkono na pampu. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, mkono wa shati la kijana mmoja ulivutwa na shafti. Shati lilichanika kabla ya mkono kufika, na huo ndio uliokuwa uhai wake. Tangu hapo sihesabu kopo kama gharama ya beringi tu. Ukiweza kumwondoa binadamu pale, mwondoe.

Sasa tuingie kwenye bidhaa zenyewe.

Kopo la gesi lina seli ndogo ndani inayozalisha gesi polepole. Gesi inasukuma pistoni au mfuko, na mfuko unasukuma grisi. Hakuna mota. perma CLASSIC ni ya aina hii: unafunga skrubu ya kuamsha yenye rangi, na rangi ndiyo inayosema muda. SKF wana LAGD 60 na LAGD 125, za mililita 60 na 125, ambazo unazungusha kidude cha juu kwa ufunguo wa pembe sita na kuchagua mwezi 1 hadi 12. simalube ya Uswisi ni ndugu yao, nayo ina saizi kuanzia mililita 15, ndogo sana, nzuri kwa mahali penye nafasi finyu. Zile za SKF na simalube zina chupa inayoonyesha, unaona pistoni imefika wapi bila kufungua kitu, na hilo ninalipenda mno. Fundi wa zamu anapita na tochi, anaona, anaandika.

Uzuri mwingine wa LAGD 125 ni kiwango chake cha kujikinga na vumbi na maji, IP68. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji, na 8 maana yake kinaweza kuzama. Kwa mkia wa konveya ambako vumbi linafukia hausingi mpaka nusu, na vijana wanakuja na mpira wa maji kuosha, hicho ndicho unachokitaka. Tena ina cheti cha kutumika mahali penye hatari ya mlipuko. Anayefanya kazi kwenye maghala ya ngano aliangalie hilo kwa makini, kwa sababu vumbi la nafaka likichanganyika na hewa ndani ya elevata linaweza kulipuka, na kifaa chochote unachoongeza pale lazima kiwe na cheti cha eneo lile.

Shida ya gesi ni joto. Gesi ikipata joto inatanuka na seli nayo inafanya kazi haraka, kwa hiyo kopo linaisha kabla ya mwezi uliochagua. Muda ulioandikwa umepimwa kwa nyuzi 20 na kitu, na hizo Mombasa tunaziona alfajiri ya Julai. Watengenezaji wakubwa wanatoa jedwali la kurekebisha: kama joto ni nyuzi 40, weka namba fulani ili upate miezi fulani. Soma jedwali hilo. Tuliwahi kuletewa makopo ya gesi ya chapa rahisi, siitaji jina, rangi nyeusi tii, hayana jedwali wala karatasi ya maelezo. Yaliyofungwa juu ya feni iliyo juani yalimaliza grisi yote mapema sana, hausingi zikavimba grisi, sili zikatoka nje. Yaliyofungwa chini ya kivuli, katoni ileile, yalikwenda vizuri.

Nilipokwenda dukani kuuliza, muuzaji alikuwa na heshima zake. "Dada, hili ni la miezi kumi na miwili, halina neno."

"Miezi kumi na miwili kwa joto gani, kaka?"

Akaligeuza boksi mara mbili, akaangalia pande zote, hakuona. Kwa kweli si kosa lake, boksi halikusema. Lakini tangu siku hiyo swali hilo ndilo la kwanza ninalouliza, na kama jibu halimo kwenye karatasi, kopo linabaki dukani.

Kitu kingine kuhusu gesi: shinikizo lake ni dogo, LAGD ina bar 5 za juu kabisa, na bomba kati ya kopo na beringi halitakiwi kuzidi milimita 300. Kama nipeli yako iko ndani, nyuma ya kinga, na unataka kopo likae nje mbali, la gesi halifai. Litasukuma, grisi itakwama njiani, wewe utaona pistoni imesimama na utadhani kopo ni bovu. Pia mashine ikisimama, kopo la gesi haliamki na kulala pamoja nayo. Hata ukilizima, gesi iliyokwisha kuzalishwa bado imo ndani na inaendelea kusukuma kwa muda. Kwa yadi inayosubiri meli hilo ni la kufikiria, ingawa kwa puli ya mkia mimi silioni kuwa baya: hata ikiwa imesimama, napenda sili ipate grisi yake.

Kopo la betri lina mota ndogo na giaboksi inayosukuma pistoni kwa kipimo. perma STAR VARIO na SKF TLSD ndizo nilizozizoea. Hapa joto halibadilishi kipimo, kwa sababu anayesukuma ni mota na si gesi. Unachagua muda, na taa ndogo inakuambia: kijani, mambo sawa, nyekundu, kuna kizuizi au kopo limekwisha. Taa hiyo nyekundu ina thamani kuliko inavyoonekana. Kopo la gesi likizibwa linanyamaza, na wewe unaendelea kuamini lipo kazini.

TLSD inaruhusu bomba la hadi mita 3, na hapo ndipo mambo yalipobadilika kwetu. Tuliyatoa makopo yote ya puli za kichwa nyuma ya kinga tukayapanga nje, kwenye bamba moja, urefu wa kifua cha mtu, bomba zikapita ndani. Sasa fundi anasimama kwenye ngazi ya kawaida, mikono yake haiendi popote karibu na mkanda, anaona taa zote kwa mara moja. Na mtikisiko haulifikii kopo. Kwenye vichungi vinavyotikisika, kopo lililofungwa moja kwa moja juu ya hausingi linavunjika shingoni. Nimeziokota shingo hizo chini. Kopo lolote, la gesi au la betri, likae mbali na mtikisiko au lishikwe na mkono wa chuma.

Bei yake ni kubwa mara kadhaa kuliko la gesi unaponunua mara ya kwanza. Lakini kichwa chenye mota hakitupwi. Grisi ikiisha unanunua chupa mpya na betri mpya, unafunga, unaendelea. Kwa beringi inayokula grisi nyingi, ambayo ungebadilisha kopo la gesi kila baada ya miezi miwili mitatu, hesabu inageuka haraka kwa upande wa betri.

Udhaifu wake ni chumvi. TLSD na STAR VARIO ni IP65, yaani vumbi haliingii na maji ya kurushwa yanavumiliwa, lakini si ya kuzamishwa, na mguso wa betri ukishika ukungu wa kijani umeme unakatika. Sisi tunayawekea kofia ya plastiki ngumu inayozuia mvua ya ubavu, na wakati wa kubadilisha betri mtu anapangusa kidole cha mguso kwa kitambaa kikavu. Usiruhusu mpira wa maji wa kuosha sakafu uelekezwe pale. Hili naliandika kwa herufi kubwa kwenye bamba lenyewe, na vijana wa usafi wanalijua.

Kama grisi yako ni nzito sana au bomba lina upinzani mkubwa, kuna TLMR ya SKF, yenye shinikizo la bar 30, kwa chupa za mililita 120 na 380. Moja inatumia betri, nyingine umeme wa nje wa volti 12 hadi 24. Hiyo ya umeme wa nje unaweza kuifunga na saketi ya mota ili itoe grisi mashine inapozunguka tu. Kwa mota za umeme na feni zinazosimama muda mrefu ni jambo la maana.

Kopo la springi sina mengi ya kulisema. Springi inasukuma sahani, sahani inasukuma grisi, na kipimo kinategemea upinzani wa beringi na wepesi wa grisi. Siku ya joto grisi inalainika na kutoka nyingi, ikibanwa kwa muda mrefu mafuta yanajitenga na sabuni inayoyashikilia ndani ya grisi, na kinachobaki bombani ni uji mgumu. Lina faida moja, unaweza kulijaza tena kwa pampu. Shambani au kwenye mashine ndogo iliyo ndani ya jengo safi huenda likafaa. Kwenye klinka, hapana.

Sasa grisi. Makopo mengi ya dukani yamejazwa grisi ya litiamu ya kawaida, daraja la NLGI 2 (kipimo cha ugumu wa grisi), na hiyo ni grisi nzuri kwa mahali pakavu. Kwa maji na chumvi, mimi nataka ya kalsiamu sulfoneti. Inashika chuma maji yakipita, inazuia kutu vizuri, na inabeba mzigo mzito. Kwa upande wa SKF, angalia herufi za mwisho kwenye namba ya kopo: LAGD 125 yenye HB2 ina grisi hiyo ya kalsiamu sulfoneti, yenye WA2 ina ya litiamu changamano. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa," mwombe kwa upole akuonyeshe herufi.

Na usichanganye ovyo. Grisi ya poliurea, iliyo ndani ya mota nyingi za umeme, ikikutana na aina nyingi za litiamu inaweza kulainika mpaka ikachuruzika au ikakauka kabisa. Ukibadilisha grisi, fungua hausingi, safisha, anza upya. Kama huwezi kufungua, piga grisi mpya kwa mkono mpaka ya zamani yote itoke, huku shafti ikizungushwa polepole kwa mkono, kwa usalama, mashine ikiwa imefungwa kufuli upande wa stima.

Halafu kipimo. Hapa ndipo wengi wanapoteza beringi wakiwa na kopo zuri mkononi. Hesabu inayotumika duniani kote kwa kuongeza grisi ubavuni mwa beringi ni hii: kipenyo cha nje kwa milimita, zidisha kwa upana kwa milimita, zidisha kwa 0.005, unapata gramu. Chukua beringi ya 22220, maarufu sana kwenye puli: kipenyo cha nje 180, upana 46, jibu gramu 41 na kidogo. Tuseme kwa vumbi letu inastahili kiasi hicho kila mwezi. Kopo la mililita 125 lina gramu 110 hivi za grisi, maana grisi ni nyepesi kidogo kuliko maji. Kwa hiyo kopo hilo linaisha kabla ya miezi mitatu, na hapo ndipo unapoliweka. Ukiliweka kwa miezi 12 kwa sababu boksi limejivunia miezi 12, beringi inapata gramu 9 kwa mwezi, nayo inahitaji 41. Itakufa njaa huku kopo likionekana lipo kazini.

Kinyume chake ni mota. Beringi ya 6310, kipenyo cha nje 110 na upana 27, inataka gramu 15 tu, tena baada ya miezi mingi. Ukiifungia kopo la mililita 125 na kuliweka kwa mwezi mmoja, grisi itavuka sili na kuingia kwenye waya wa mota. Kwa mota mimi naweka kopo dogo na muda mrefu, au naacha kabisa na kutumia pampu ya mkono yenye mizani. Si kila beringi inahitaji kopo, na muuzaji anayekuambia ufunge kila mahali anauza, hashauri.

Joto la beringi lenyewe lihesabiwe pia. Kanuni ya SKF ni kwamba kila nyuzi 15 zinazozidi 70, muda wa kuongeza grisi unakatwa nusu. Feni yetu ya kunyonya hewa ya moto inakwenda juu ya 80 mchana wa Februari, kwa hiyo inapata grisi mara nyingi kuliko puli iliyo jirani yake, ingawa namba ya beringi ni moja.

Kwenye kufunga, mambo matatu nimeyaona yakipuuzwa. Bomba lijazwe grisi kwa pampu kabla ya kufunga kopo, vinginevyo kopo litatumia wiki zake za kwanza kujaza bomba tupu huku beringi ikisubiri. Tundu la nipeli lisafishwe na lijaribiwe kwa pampu: kama pampu inasukuma kwa nguvu nyingi, kuna grisi iliyoganda ndani na kopo la bar 5 haliwezi kuivunja. Na viungo viwe vya shaba au chuma cha pua. Hapa ufukweni chuma cha pua daraja la 304 kinapata madoa ya kutu. 316 kina molibdenamu na kinavumilia chumvi zaidi. Viungo vya chuma cheusi vilivyopakwa rangi ya fedha, bei yake inavutia, lakini msimu mmoja wa mvua unatosha kuvifanya visifunguke tena kwa spana.

Kuhusu kununua hapa mjini: maduka ya beringi ya Shimanzi na ya barabara zinazoelekea bandarini yana ya gesi mara nyingi, ya betri kwa kuagiza. Agiza mapema, kabla ya kaskazi haijashika. Omba tarehe ya kujazwa. Makopo yaliyojazwa kiwandani yana muda wa kuhifadhiwa, aghalabu miaka 2, na lililokaa kwenye stoo ya bati lenye joto limezeeka kuliko tarehe yake inavyosema. Geuza chupa inayoonyesha uitazame: ukiona mafuta yamejitenga juu kama tabaka la asali, rudisha. Na usinunue katoni kubwa kwa sababu ya punguzo. Nunua unachoweza kutumia ndani ya mwaka, ukiweke mahali penye baridi na pakavu, kimelala kama mtengenezaji alivyoelekeza.

Nimeulizwa na mafundi wenzangu, hasa wa Miritini na Jomvu, waanze wapi kama bajeti ni ndogo. Anzeni na puli za mkia na beringi za chini za elevata. Ndizo zinazofukiwa na vumbi, ndizo zilizo hatari kuzifikia, na ndizo zinazokufa kwanza. Kopo la gesi la IP68 lenye grisi ya kalsiamu sulfoneti, likiwekwa kwa jedwali la joto la Mombasa, litazitunza vizuri, na fomeni ataona tofauti kwenye idadi ya beringi anazoombwa. Pesa ikipatikana, ya betri yaende puli za kichwa na feni za moto, yakiwa nje ya kinga kwenye bamba moja. Kuzunguka hakukwishi: kila kopo nalitia alama ya tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na kila wiki mtu mmoja mwenye jina kwenye ratiba anapita kuzitazama pistoni na taa, anagusa hausingi, anaandika. Sisi tumempa kazi hiyo kijana wa zamu ya asubuhi, na agizo letu lijalo ni la chupa za akiba na betri zake kabla ya Disemba.